Ngamiani ilijengwa na waja leo

Kuna maneno yanazunguka sana Tanga siku hizi, tangu bandari ianze kufunga meli kubwa na habari za bomba la mafuta la Chongoleani ziwe za kila siku. Unayasikia kwenye daladala, kwenye vijiwe vya kahawa, na kwenye magrupu ya WhatsApp ndo usiseme. Maneno yenyewe ni kwamba Ngamiani, mtaa wetu wa zamani hapa Tanga, inakufa, nyumba za zamani zinavunjwa, pale pale zinapanda ghorofa na fremu za maduka, na wanaofanya hivyo ni wageni, watu wa bara wenye hela zao, sisi wenyeji tunatolewa kwetu taratibu. Nusu ya maneno hayo ni kweli, nyumba zinavunjwa na mi mwenyewe naziona. Nusu ya pili, hiyo ya mgeni, nadhani tumekosea kabisa, na ni kosa baya maana wakati tunamtafuta mchawi kwenye nyumba ya jirani, anayevunja yuko chumbani kwetu. Ninachosema mimi ni hiki: Ngamiani haijawahi kuwa na wenyeji wa asili wa kulindwa dhidi ya wageni, mtaa mzima umetengenezwa na wageni. Kilichowageuza wageni hao kuwa watu wa Tanga ni ile nyumba ya vyumba sita yenye koridoo katikati na uani mmoja, na kinachoiondoa nyumba hiyo ni mirathi yetu wenyewe, pamoja na mipango miji inayoona kiwanja na haioni chumba.

Tuanze na jina. Ngamiani ni mahali pa ngamia, na ngamia sio mnyama wa huku, Mdigo hafugi ngamia wala Mbondei hafugi, mnyama huyo alikuja na watu waliokuja na mizigo yao. Yani hata aliyetupa jina alikuwa mgeni. Halafu ikaja reli. Mjerumani alianza kuijenga hapa hapa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi miaka michache kabla ya vita kuu ya kwanza. Reli hiyo ndo iliyokata mji. Upande wa bahari wakakaa wazungu na ofisi zao, Wahindi na maduka yao, na ukivuka reli kuja huku wakapangwa Waafrika, mraba kwa mraba, kwenye barabara zilizonyooka ambazo hazikupewa hata majina, zikapewa namba tu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mpaka leo mtu wa Tanga anakwambia naishi ya nane na unaelewa bila kuuliza ya nane ya nini. Kijiji cha mababu hakipimwi kwa rula. Mtaa wa namba ni mtaa wa watu waliopangwa, na anayepangwa ni aliyekuja.

Walikuja kwa sababu ya mkonge zaidi ya kitu kingine chochote. Mbegu yenyewe ilikuwa mgeni, iliagizwa kutoka Florida mwaka 1893, miche elfu moja, iliyofika hai ni 62. Kutokana na hiyo 62 nchi hii ikaja kuwa ya kwanza duniani, mwaka 1964 tulivuna zaidi ya tani 230,000. Sasa jiulize nani aliyekata. Wadigo, Wabondei na Wasambaa walikuwa na minazi yao na mihogo yao, hawakuwa na shida ya kwenda kuchomwa na miiba kwa ujira mdogo, kwa hiyo vibarua walitafutwa mbali, Wanyamwezi, Wasukuma, Waha, Wabena, Wangoni, Wamakonde, Wayao, mpaka Warundi, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda kabisa ofisi yao ya kukusanya watu, SILABU. Hao ndo manamba, watu waliojulikana kwa namba kabla ya majina yao. Mkataba ukiisha wengi walirudi makwao. Wengine hawakurudi, walipanda gari la moshi mpaka mwisho wa reli, wakashuka Tanga, wakatafuta kazi ya ukuli bandarini (makuli hao hao ndo waligoma mwaka 1939 na kumshtua Mwingereza) na wakavuka reli kuja huku kuomba chumba. Waliwakuta Washihiri na maduka yao ya kona, Wangazija, Wabulushi, Wasegeju waliotoka pwani ya juu. Tuna ule msemo wetu kila mtu anaujua, Tanga waja leo waondoka leo. Ngamiani ni waja leo waliokataa kuondoka.

Na hicho chumba walichoomba ndo ninachotaka tukitazame vizuri, maana hapo ndo pana siri yote. Nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele, mlango wa mbao mbili, ukiingia ni koridoo iliyonyooka mpaka nyuma, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, halafu uani ambako kuna jiko, bafu, choo na kisima au bomba. Mwenye nyumba, na mara nyingi sana alikuwa mwanamke mtu mzima, anakaa chumba kimoja au viwili, vingine anapangisha kimoja kimoja. Mpangaji anaingia na kitanda, sanduku na jiko la mkaa. Haulizwi kabila, anaulizwa kodi na tabia. Na kwa sababu mwenye nyumba analala humo humo, yeye ndo mahakama, mtoto akilia usiku anasikia, mume akimpiga mkewe anagonga mlango, mpangaji akifiwa yeye ndo anakuwa mama wa msiba. Uani palikuwa na mwanamke wa Kigoma na mwanamke wa Pangani, majiko yao yamepishana hatua mbili, huyu wa Pangani anasonga bada, ugali wa muhogo, anamfundisha mwenzie namna ya kuupiga unga usiwe na madonge, yule wa Kigoma anamletea mawese yaliyotumwa kutoka kwao. Hapakuwa na lugha ya kabila inayoweza kufanya kazi kwenye uani wa namna hiyo, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa chumba cha nne, baba Mha mama Mdigo, alikulia kwenye Kiswahili kama samaki kwenye maji, hana kingine, na ukimuuliza wewe mtu wa wapi anakujibu wa Tanga, na hajakudanganya.

Mwezi uliopita nilisimama mbele ya nyumba moja katikati ya Ngamiani ikiwa inavunjwa. Walikuwa wameshatoa bati na ukuta wa mbele, boriti za mikoko zimepangwa kwenye mkokoteni, nyeusi kwa moshi wa miaka. Vyumba vimebaki wazi kwa barabarani na kila kimoja kina rangi yake, hiki chokaa ya bluu, kile kijani, kile waridi limefifia, kimoja bado kina kalenda kwenye msumari. Kila mpangaji alikuwa amejipakia rangi yake mwenyewe. Koridoo tu ndo ilikuwa rangi moja, maana koridoo ni ya wote. Nilikaa pale kama nusu saa nikaona sijawahi kuuona mtaa wetu ukielezwa vizuri namna ile.

Matokeo ya nyumba hizo hayakuishia uani. Ile bendi ya Jamhuri Jazz, iliyopiga mpaka jina la Tanga likajulikana Afrika Mashariki nzima, ilianza miaka ya 1950 ikiitwa Young Nyamwezi, yani ilianza kama bendi ya watu wa kabila moja walio mbali na kwao, na baadaye ikawa ya Jamhuri. Huo ndo mwendo wa Ngamiani kwa ufupi, unaingia na jina la kwenu, unatoka na jina la wote. Kulikuwa na Atomic Jazz pia. Kwenye taarabu kulikuwa na Black Star na Lucky Star ambao waliingiza magitaa kwenye muziki uliokuwa wa fidla, udi na ganuni, na staili yao ikaenda kusikika mpaka Mombasa. Mpira ni hivyo hivyo, African Sports ya mwaka 1936 pale barabara ya 12, Coastal Union ya 1948 barabara ya 11, barabara moja kati yao na uadui wa kufa mtu, lakini huwezi kusema Sports ni kabila fulani na Coastal ni kabila lingine, ndugu wa tumbo moja walikuwa wanatoka nyumba moja wanaelekea uwanja wa Mkwakwani hawasemeshani. Coastal walipochukua ubingwa wa nchi 1988 aliyelia kwa furaha ukimuuliza babu yake alitoka wapi ungepata ramani ya Tanzania.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nasema ilikuwa pepo. Haikuwa. Neno manamba lilikuwa tusi na kuna wazee mpaka leo hawapendi kulisikia. Mtu wa bara aliitwa mtu wa bara kwa miaka thelathini hata kama anaswali msikiti mmoja na aliyemuita. Binti wa familia fulani fulani hakuozwa kwa kuli, iwe iwavyo. Na mjini kati, ng'ambo ya reli, Mhindi na Mwafrika walikutana kaunta, biashara ikiisha kila mtu anaenda kwao. Hilo lenyewe linathibitisha ninachosema. Kule walikogawanywa kwa majengo, miaka sabini haikuwachanganya. Huku waliko shea koridoo, wakachanganyika wakitaka wasitake. Watu wa Ngamiani hawakupendana kwanza ndo wakaishi pamoja, walianza kwa kushea choo, kupendana kukafuata, na nyumba nyingine hakukufuata kabisa ila waliishi.

Sasa turudi kwa anayesema wageni wanatumaliza. Ndani ya malalamiko yake kuna jambo la haki na kuna jambo bovu, na yote mawili yamefungwa kitambaa kimoja. La haki ni kwamba mji unajaa na kodi zinapanda. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 273,332 jijini Tanga, ya 2022 ikahesabu 393,429, hiyo ni zaidi ya laki moja ndani ya miaka kumi. Bandari imemwagiwa Sh429.1 bilioni, kina cha gatini kimetoka mita 3 kwenda 13, meli ambazo zamani zilikuwa zinasimama katikati ya maji na mzigo unaletwa kwa matishari sasa zinafunga gatini, na bomba lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia ubavuni mwetu. Lazima watu waje. Muuza samaki aliyekuwa anapanga chumba hawezi kushindana kodi na mtu mwenye mshahara wa kampuni ya meli, hilo naliona na linaniuma. Bovu ni pale anaposema tatizo ni walikotoka. Hii ndo hoja dhaifu kuliko zote na ndo inayopigiwa kelele zaidi. Kwanza ukimrudisha nyuma vizazi viwili tu huyo anayesema, unakuta babu yake alishuka stesheni na sanduku la bati. Pili, na hili ndo kubwa, hakuna mgeni anayeweza kununua nyumba ambayo haijauzwa. Kila nyumba iliyovunjwa Ngamiani kuna mtu wa Ngamiani aliyeweka sahihi. Na tatu, nchi hii tulishaonja kumpima mtu kwa kuuliza wa wapi. Sheria ya 1971 ya kutaifisha majengo ya zaidi ya shilingi 100,000 haikutaja rangi ya mtu, ila kila mtu alijua imemwangukia nani, Wahindi wengi wakafunga mizigo, majengo yakaenda kwa Msajili wa Majumba na baadaye Shirika la Nyumba. Pita mjini kati jioni utazame juu, kwenye yale maroshani, uone ukimya ulivyo. Mji ukipoteza watu wake haurudishiwi kwa kubaki na kuta.

Upande wa pili kuna wanaoshangilia, na hawa hoja zao ni nzito zaidi, siwezi kuwapita haraka. Wanasema Tanga imelala tangu mkonge uanguke na viwanda vife, kiwanda cha mbolea, viwanda vya nguo, vijana wetu wote wakaishia Dar, leo hela imerudi halafu tunalilia matope na fito? Wanasema pia, na hili niliambiwa na dada mmoja aliyekulia nyumba ya hivyo, kwamba kupanga foleni na ndoo saa kumi na moja alfajiri kusubiri choo cha familia sita sio utamaduni, ni shida, na anayeusifu utamaduni huo kwa kawaida ana choo chake ndani. Sina cha kumpinga. Nakubaliana naye. Nyumba nyingi zimechoka kweli, kuta zinamung'unyuka kwa chumvi, mashimo ya vyoo yamejaa, mvua za masika zikikaza uani panakuwa bwawa. Tofauti yangu na wanaoshangilia ni moja, wanadhani kinachoondoka ni jengo bovu linalobadilishwa na jengo zuri. Angalia kinachopanda. Chini ni fremu, mbele mpaka ukingoni, baraza limekufa, na juu kama kuna makazi basi ni ya mtu mmoja na familia yake, au ni stoo. Vyumba sita vilivyokuwa vinalaza familia tano vimeondoka na havikurudi popote. Wale watano wameenda Kange, Pongwe, Mabokweni, wanapanga huko kwenye vijumba vya uzio na geti, kila mmoja na watu wa mfuko wake, nauli ya kurudi soko la Mgandini kuuza mboga inakula faida ya mboga. Huyo mtoto wa Mha na Mdigo anayezaliwa leo atazaliwa nyuma ya geti. Na mgeni anayekuja na bandari sasa hivi, huyo tunayemlaumu, hana uani wa kuingilia ili awe mtu wa Tanga, kwa hiyo atabaki mgeni miaka ishirini, halafu tutasema si mnaona hawa watu hawachangamani.

Inakuwaje basi nyumba inafika kuuzwa? Sio tamaa, au tuseme tamaa ni kidogo sana. Bibi aliyejenga kwa hela ya maandazi anafariki, anaacha kiwanja kimoja kilichopimwa na watoto saba. Wawili wanafariki kabla ya mirathi kugawanywa, maana mirathi yetu inakaa miaka na miaka watu wanaona aibu kuianza, kwa hiyo hisa zao zinashuka kwa wake zao na watoto wao, mjane na thumni yake, mtoto wa kiume hisa mbili, wa kike moja, unapokuja kukaa chini warithi ni kumi na tano na nyumba ina vyumba sita. Mmoja yuko Dar, mmoja Mombasa, mmoja Maskati hajaiona nyumba tangu harusi ya dada yake. Thumni ya thuluthi ya nyumba huwezi kulalia. Kodi ya vyumba ukigawa kwa kumi na tano haifiki hata hela ya vocha. Hela ya kuchimba shimo jipya la choo hakuna wa kuitoa, maana kila mmoja anasema nyumba sio yangu peke yangu. Kwa hiyo wanauza, na mnunuzi analipia kiwanja, nyumba kwake ni kifusi cha kuondoa. Fremu moja ya mbele inaingiza kuliko vyumba vitatu vya ndani, hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anaipiga.

Ukiona tatizo linakaa hapo, kwenye hisa na hesabu, unaacha kumkodolea macho mgeni na unaanza kuuliza maswali yenye majibu. Tunayo sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu jengo moja kuwa na hati nyingi, kila mtu na sehemu yake. Kwa nini inatumika zaidi kwa maghorofa ya Dar na hakuna anayewaelezea warithi wa Ngamiani kwamba wanaweza kuingia ubia, mwenye hela ajenge, wao wabaki na vyumba kadhaa vyenye hati? Jiji linapopitisha ramani ya ghorofa kwenye kiwanja kilichokuwa na vyumba sita vya kupanga, linashindwa nini kumwambia mwenye ramani arudishe hivyo sita huko juu, vya kupanga kimoja kimoja, choo ndani, na aache hatua mbili za baraza barabarani? Nasema jiji kwa sababu soko peke yake halitafanya, na mpangaji hana cha kushikia, sheria ya zamani iliyokuwa inadhibiti kodi ilifutwa mwaka 2005. Kariakoo ilikuwa kama sisi, nyumba zile zile za Kiswahili, waliiacha ipande yenyewe, leo ina bidhaa za dunia nzima na usiku nenda utafute mtu anayelala pale. Na Novemba 2024 tuliona wote ghorofa likiwaangukia watu mchana kweupe.

Kwetu kikao cha warithi ni Jumamosi hii. Nyumba ni ya bibi yetu mzaa mama, iko moja ya zile barabara za katikati, na mnunuzi ameshapatikana, kijana mstaarabu tu, amezaliwa barabara mbili kutoka hapo. Karatasi ya mgao nimeiona, ina majina kumi na manne, na langu limo. Chumba cha mwisho kulia anakaa mzee mmoja aliyekuja Tanga kufuata mkonge akiwa kijana, Mbena, alimzika mkewe kutoka kwenye nyumba hiyo, na ndo mtu pekee aliyebaki anayejua shimo la zamani la choo lilifukiwa wapi, tukitaka kuchimba jipya lazima tumuulize yeye. Jana nilimkuta barazani anapaka oili bawaba za mlango wa mbele kwa unyoya wa kuku, anasema unalia sana usiku unaamsha watoto. Jina lake kwenye karatasi halimo, na mpaka naandika hapa hakuna kati yetu sisi kumi na wanne aliyemwambia kuhusu Jumamosi.